Jinsi ya kuingia duka la vitu vya kifahari bila kuchezewa akili

Niliuza mikoba na saa za bei kali karibu miaka minne, na somo la kwanza nililopewa kazini lilikuwa viatu. Mteja akiingia mwangalie viatu, halafu mkono wa saa, halafu anavyotembea, kama anakata katikati ya duka au anajibana pembeni karibu na ukuta, ukishamaliza hapo ndo unamsalimia. Yule anayejibana pembeni ndo tulikuwa tunamgombania. Tajiri wa kweli ni mgumu kumuuzia aisee, anaingia, anasema anachotaka, anauliza bei, anaondoka, hana muda na wewe. Anayejibana ni mtu kajichanga mwaka mzima, anajishtukia, anaogopa kuonekana hana hela au hajui vitu, na mtu wa hivyo ukimshika vizuri ananunua zaidi ya alichopanga ili tu hiyo hofu imtoke.

Hilo ulishike kabla ya mengine yote. Mbinu ziko nyingi ila karibu zote zinachota kwenye kisima kimoja, kule kujishtukia. Sikatazi mtu kununua, mimi mwenyewe nina saa naipenda na sijutii hata kidogo, nataka tu uingie na akili yako na utoke nayo.

Kazi inaanzia nyumbani

Andika kwenye simu vitu vitatu: unataka nini hasa, mwisho wako wa hela ni ngapi, na unakitaka kwa kazi gani. Usiweke kichwani, kichwani panabadilika ukishakalishwa kwenye kiti cha ngozi. Andika "mkoba mweusi wa kazini, unaoingia laptopu, mwisho kiasi hiki", usiandike "mkoba mzuri". Halafu ingia mtandaoni uangalie bei yake ya dukani, na pia bei yake kwa wale wanaouza vitu hivi vikiwa vimeshatumika, ukae na hizo namba mbili hata siku tatu mpaka uzizoee.

Nasisitiza namba kwa sababu moja. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao moja la ajabu, walizungusha mbele ya watu gurudumu la bahati nasibu lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, halafu wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Gurudumu na swali wapi na wapi, lakini walioona 10 wakakisia kwenye 25, walioona 65 wakakisia kwenye 45. Namba inayotangulia kuingia kichwani inageuka nanga, zinazofuata zote zinazunguka hapo hapo.

Sasa rudi dukani. Ule mkoba wa ngozi ya mamba umewekwa mbele kabisa, na taa yake peke yake, kwa nini? Kwetu ulikaa pale miezi na miezi bila kununuliwa na hakuna bosi aliyelalamika, maana ulikuwa kazini. Ukishauliza bei yake ukashtuka, mkoba unaofuata, ambao jana yake ungesema hawa watu wamechanganyikiwa, unaanza kuuona "mh, huu siyo mbaya". Ukija na nanga yako toka nyumbani, ya kwao inapata shida kushika.

Kwenye almasi ndo walicheza mchezo huu mpaka ukawa mila. De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walipata ule msemo wao wa almasi kuwa ya milele mwaka 1947, aliuandika Frances Gerety wa kampuni ya matangazo ya N.W. Ayer, halafu miaka ya 1980 matangazo yakaja na habari ya kwamba mshahara wa miezi miwili ndo kiasi cha kutoa kwa pete ya uchumba. Aliyepanga miezi miwili ni muuzaji mwenyewe! Mpaka leo utakuta vijana wanabishana kama ni mmoja, miwili au mitatu, na hakuna anayeuliza mshahara wake umeingiaje kwenye bei ya jiwe.

Kingine cha nyumbani, chagua wa kwenda naye. Rafiki wa "chukua tu bwana, unajua unavyofanya kazi, umestahili" muache nyumbani, sisi huyo tulikuwa tunampa kiti kizuri kuliko mteja mwenyewe. Nenda na yule mbishi anayeuliza "hii inafunguka wapi?" au nenda peke yako.

Mlangoni

Mlango mzito, mtu wa kukufungulia, rafu zina vitu vichache vimeachiana nafasi kubwa kama makumbusho, hakuna saa ya ukutani (na tunauza saa!), muziki wa taratibu. Yote yamepangwa. Kuna jaribio la mwaka 1993 la Charles Areni na David Kim kwenye duka la mvinyo, wakipiga muziki wa klasiki watu walichukua chupa za bei kubwa zaidi kuliko wakipiga nyimbo za kawaida zinazotamba. Ladha ya mvinyo haikuguswa, hali ya chumba tu ilimwambia mteja mtu wa hapa ananunua vya namna gani.

Foleni ya kamba nje ya mlango nayo, wakati ndani unaona kuna watu sita. Watakuambia ni ili kila mteja ahudumiwe na mtu wake, na hilo ni kweli kiasi, ila foleni yenyewe ni tangazo, wapita njia wanaiona, na wewe ukishasimama dakika arobaini unaona aibu kutoka mikono mitupu. Dawa yake, weka miadi kama wanapokea miadi, au pita siku ya kazi asubuhi.

Ukiingia utaulizwa unakunywa nini. Dennis Regan mwaka 1971 alifanya jaribio ambalo mtu mmoja aliyejifanya mshiriki alimletea mwenzake Coca-Cola bila kuombwa, baadaye akamuomba anunue tiketi za bahati nasibu, na waliopewa soda walinunua karibu mara mbili ya wasiopewa. Soda tu! Ukipewa kitu, mkono unajisikia una deni. Na glasi ina kazi ya pili ambayo watu hawaioni, mtu mwenye glasi mkononi haondoki, kwanza aiweke wapi? Atakaa amalize, na kila anapopiga funda mimi naleta kitu kingine. Kwa hiyo sema "asante, niko sawa", na kama una kiu kweli kunywa maji huku umesimama.

Maswali ya upole nayo yaangalie. "Ni kwa ajili ya sherehe gani?" "Ni yako au zawadi?" Unaona mtu anajali, na pengine anajali kweli, lakini jibu lako linawekwa akiba. Ukimwambia ni miaka kumi ya ndoa, ukifika kwenye bei ukasita utalisikia linarudi taratibu, "lakini miaka kumi inakuja mara moja tu dada yangu." Hapo atakuwa kakuacha ubishane na maneno yako mwenyewe. Jibu fupi, "naangalia mkoba wa kazini", inatosha.

Ukikaushiwa

Hili nalitenga kwa sababu lilinipata mimi, na ilikuwa kabla sijaingia kwenye hiyo kazi. Nilienda kutafuta waleti ya zawadi, dada wa kaunta akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, akarudi kwenye simu yake. Nikauliza waleti moja kwenye kioo, akajibu bila kuinua kichwa, "hiyo ni ya juu kidogo, za bei ya chini ziko kule mwisho." Unajua nilifanya nini? Niliinunua ile ile, na mkanda juu yake, na nikasimama pale kifua mbele kama nimeshinda kesi. Nikafika nyumbani nikaona risiti. Mshindi ni nani hapo?

Miaka mingi baadaye nikakuta kwamba jambo hilo limepimwa. Morgan Ward na Darren Dahl walichapisha utafiti mwaka 2014, wakaona kwamba mteja akidharauliwa na muuzaji wa brandi ya kifahari, hasa brandi anayoitamani na kujiona angependa kuwa mmoja wa watu wake, hamu ya kununua inapanda. Kwenye brandi za kawaida haitokei, huko ukidharauliwa unaondoka zako. Na hamu yenyewe inapoa siku zikipita. Sijawahi kuona duka linalofundisha wafanyakazi dharau wazi wazi, sisi tulifundishwa "usimkimbilie mteja", na kwa wenzangu wengine hiyo ikageuka kukausha kabisa, na mauzo yao hayakuwa mabaya.

La kufanya: ukihisi joto linapanda shingoni na unataka kumuonyesha mtu kitu, toka nje. Usitoe hotuba, usiombe meneja, toka tu utembee dakika kumi. Ukibaki bado unaitaka waleti, rudi kesho.

Kwenye kiti, kioo na trei

Hapa ndo kazi kubwa inafanyika kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kaka mmoja alikuja kufuata saa ya chuma ya kawaida, alikuwa ameshaisoma mtandaoni, namba ya modeli anaijua kwa kichwa. Nikamkalisha, nikavaa glavu, nikatandika kitambaa kwenye trei, nikaweka saa tatu. Kushoto ile aliyoifuata. Katikati ile niliyotaka mimi anunue. Kulia nikaweka ya tatu, bei yake karibu sawa na ya katikati lakini haina tarehe na mkanda wake ni wa ngozi tu. Ile ya kulia haikuwekwa iuzwe, iliwekwa ili ya katikati ionekane inatoa vingi kwa hela ile ile. Hii ni mbinu ya chambo, Joel Huber na wenzake wawili waliielezea kitaalamu mwaka 1982: ukiongeza chaguo la tatu ambalo ni bovu kidogo kuliko moja ya yale mawili, watu wanahamia kwa hilo zuri lililofanana nalo. Mtu anaacha kujiuliza "nahitaji ipi", anaanza kujiuliza "ipi ina faida".

Halafu nikamvua saa yake mwenyewe, nikamfunga ya katikati, nikamwambia usiivue kwanza, endelea kuziangalia hizo nyingine. Na hapo nikanyamaza. Kimya ni kazi ngumu kuliko kuongea, wauzaji wapya hawakiwezi. Akageuza mkono kwenye taa, akavuta shati lifunike, akalirudisha. Saa yake ya zamani nilikuwa nimeilaza kwenye kitambaa pembeni ya zile mpya, imechubuka chubuka, inaonekana kama ya mtu mwingine aliyeisahau. Baada ya dakika tano hivi akasema "sasa hii yangu ikiingia maji inakuwaje?" Hii yangu. Nikajua tumemaliza.

Kilichomtokea kina majina ya kitaalamu. Joann Peck na Suzanne Shu mwaka 2009 walionyesha kwamba kukigusa tu kitu kunamfanya mtu akihisi kama chake na akipe thamani zaidi. Na mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa nusu ya watu vikombe vya kawaida, kisha wakawaacha wauziane, wenye vikombe wakawa wanataka karibu mara mbili ya walichokuwa tayari kutoa wasio navyo. Vikombe walivipata sasa hivi! Ukishakihesabu chako, kukiacha dukani kunauma kama kunyang'anywa.

Sasa wewe ufanye nini. Kama ni saa, jaribu kwenye mkono mwingine na yako ibaki mahali pake. Kama ni mkoba, hamishia vitu vyako ndani kwa dakika moja uone kama vinaenea, halafu vitoe vyote, usizunguke nao dukani nusu saa. Jipige picha, maana kwenye picha utaona kitu kama watakavyokiona wengine, bila zile taa za kioo ambazo zinampendezesha hata mgonjwa. Kisha kiweke mezani kabla hujauliza bei, mkono uwe mtupu. Ni jambo dogo mno na linasaidia kuliko nilivyotegemea.

Na uliza maswali ya fundi. Hii ni ngozi au turubai? Watu wengi hawajui kwamba ile mikoba ya Monogram ya Louis Vuitton ni turubai lililopakwa plastiki, ngozi ni mikanda na kingo, na si kwamba ni vibaya, turubai lile linadumu, ila jua unalipia nini. Vyuma vyake ni dhahabu au vimechovywa? Saa ikiharibika inatengenezwa wapi, service yake ni kiasi gani na kila baada ya miaka mingapi? Muuzaji akianza kukupa hadithi ya mzee wa karakana aliyeanzisha kampuni karne ya 19, msikilize, hadithi mara nyingi ni ya kweli na mimi nilikuwa naipenda kuisimulia, ila ikiisha rudia swali lako la bei ya service.

Manukato na miwani ya brandi usivifananishe na mikoba yao. Manukato ya Yves Saint Laurent na ya Prada yako chini ya L'Oréal, miwani ya Prada na Chanel inatengenezwa na EssilorLuxottica ambao ndo hao hao wenye Ray-Ban. Vitu hivi ni mlango wa kukuingiza, unanunua jina kwa bei unayoimudu, halafu unazoea jina.

Jambo jingine la kujihadhari ni bei yenyewe. Hilke Plassmann na wenzake mwaka 2008 waliwaonjesha watu mvinyo wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, mvinyo ule ule mara wakaambiwa ni wa dola 10, mara dola 90. Wa dola 90 waliusifia zaidi, na ile sehemu ya ubongo inayohusika na kujisikia raha ikawaka zaidi. Kwa hiyo usijicheke ukiona cha bei kubwa "kinajisikia tofauti", kweli kinajisikia, ila utofauti unaweza kuwa umetoka kwenye karatasi ya bei. Ndo maana naomba ushike na ukague kwanza, bei uliiona nyumbani.

"Imebaki moja tu"

"Ngoja nikaangalie stoo." Nitakuambia nilichokuwa nafanya stoo. Nilikuwa nasimama dakika mbili tatu napekua simu. Asubuhi tumeshahesabu mzigo, najua kabisa kipo na viko vingapi, lakini kikitoka haraka hakina utamu. Narudi nahema kidogo, "una bahati, imebaki moja." Wakati mwingine ilikuwa kweli imebaki moja, siyo kila siku tulidanganya.

Stephen Worchel na wenzake mwaka 1975 waliwapa watu biskuti za namna moja, wengine kutoka mtungi wenye biskuti kumi, wengine kutoka mtungi wenye mbili. Za mtungi wa mbili zilionekana za kutamanika na za thamani zaidi, ingawa ni zile zile. Na kwenye bidhaa za kifahari uchache ni biashara kamili, Burberry walikiri kwamba kwenye mwaka wao wa fedha uliokwisha 2018 waliharibu bidhaa zao zenye thamani ya pauni milioni 28.6 kuliko ziuzwe kwa bei ya kutupa, makelele yalipozidi mwaka huo huo wakatangaza kuacha. Louis Vuitton wao wanajulikana kwa kutopunguza bei kabisa.

Kilele chake ni Birkin ya Hermès, mkoba uliotoka mwaka 1984 na kuitwa jina la mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin. Huingii ukalipa ukaondoka nao. Unajenga historia na muuzaji, na wateja wengi wanaamini historia hiyo maana yake ni kununua kwanza skafu, viatu, vyombo, mpaka siku uitwe. Machi 2024 wateja huko California walifungua kesi wakidai wanalazimishwa kununua vitu vingine kwanza, kampuni ikakana, na mwaka 2025 jaji akaitupa. Sheria imeshaongea, ila kwa upande wa saikolojia angalia kinachotokea: umenunua skafu tatu ambazo hukuzitaka, ukiacha sasa hivi zile hela zimeenda bure, kwa hiyo unanunua ya nne. Kila hatua inakufunga zaidi. Kama umeamua kuingia kwenye mchezo huo, hesabu skafu zote kwenye bei ya mkoba, halafu fananisha jumla yake na bei ya kuununua moja kwa moja kwa muuzaji wa vilivyotumika. Baada ya hapo amua.

Kwa "imebaki moja" ya kawaida jibu ni swali: "ikija nyingine mnanipigia?" Wakisema ndiyo, basi haikuwa ya mwisho duniani. Omba wakuwekee mpaka kesho, maduka mengi yanakubali, na muuzaji anayekataa kukuwekea hata masaa machache anaogopa kwamba ukilala utaamka na akili zako.

"Bei inapanda mwezi ujao" mara nyingi ni kweli, brandi hizi zinapandisha bei kila baada ya muda. Kama kitu kilikuwa kwenye listi yako toka nyumbani, sawa, wahi. Kama hakikuwemo, hujaokoa chochote. Na "huu ni uwekezaji" ndo sentensi inayonikera kuliko zote, niliisema mara nyingi na nilikuwa sijui chochote kuhusu uwekezaji. Waulize walionunua saa zilizokuwa zinagombaniwa mwanzoni mwa 2022, bei za vilivyotumika zilikuwa juu angani, zikaanguka. Ukitaka kupima, usiangalie bei ambayo muuzaji wa vilivyotumika anauzia, mpigie umuulize yeye atakununulia kwa ngapi. Pengo hilo ndo hasara yako ya siku ya kwanza.

Kaunta

Umeshakubali, umechoka, umefurahi, hapo ndo vinaletwa vidogo vidogo. Dawa ya ngozi, kishikio cha funguo, skafu ya kufunga kwenye mkono wa mkoba, mkanda wa pili wa saa. Pembeni ya bei uliyoimeza vinaonekana bure. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot alishalalamika habari hii mwaka 1769, alipewa joho jipya la nyumbani, basi meza ikaonekana mbovu, kiti kikaonekana kibovu, akajikuta kabadilisha chumba kizima. Cha kusema pale ni "leo nachukua hiki tu", na uliseme kabla hajafungua droo.

Bei ikivunjwa vunjwa, "ukiigawa kwa miaka kumi ni hela ndogo tu kwa siku", irudishe ilivyokuwa, zidisha kwa sauti mbele yake. Mkopo au malipo ya awamu, uliza jumla yote kwa namba moja. Na kadi inapunguza maumivu, Drazen Prelec na Duncan Simester mwaka 2001 waliona watu wanaoambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo wanakubali bei kubwa kuliko wanaoambiwa watalipa taslimu, kwenye tiketi za mpira wa kikapu tofauti ilifika mara mbili hivi. Beba kadi ambayo kikomo chake ni ile namba uliyoandika kwenye simu, ikigoma imekutetea.

Mtandaoni, kwa kifupi: saa inayohesabu kurudi nyuma, fungua ukurasa huo huo kesho uone kama haijaanza upya. "Watu kadhaa wanaangalia hiki sasa hivi", wapuuze, hata wewe uko humo. Ukinunua mtandaoni ndani ya Umoja wa Ulaya una siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu kwa bidhaa nyingi, isipokuwa kama zile zilizotengenezwa kwa oda yako maalum, dukani kwa miguu haki hiyo haiko hivyo, unategemea sera ya duka, kwa hiyo uliza sera ya kurudisha kabla ya kulipa na uione imeandikwa. Huko huko Ulaya duka likitangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Na yale maduka ya punguzo ya brandi, vitu vingi mle vimetengenezwa kwa ajili ya mle mle, havijawahi kukaa kwenye duka kuu hata siku moja, uliza.

Ukishafika nyumbani

Usitoe lebo, usitupe boksi, weka risiti mahali unapopajua, kaa siku mbili. Ukiona unakiangalia na kukificha, kirudishe mapema.

Halafu zitaanza meseji. Muuzaji alichukua namba yako "kwa ajili ya waranti", na ana daftari la wateja lenye siku yako ya kuzaliwa, rangi unayopenda, jina la mwenza wako na ulichokiangalia ukakiacha. Nilikuwa na majina zaidi ya mia mbili. Meseji ya "nimekukumbuka nilipoona hii" niliituma kwa watu thelathini kwa mpigo, nabadilisha jina tu. Watu walijibu na maelezo marefu, samahani mwezi huu nimebanwa, nilikuwa nasafiri, mtoto anaanza shule, na mimi kila sababu naiandika kwenye daftari, mwezi ujao naanzia hapo hapo: mtoto ameanza salama?

Usitoe sababu. Andika "Asante, naomba unitoe kwenye listi ya meseji", basi. Unaogopa atakuona huna hela? Mimi nikipata meseji ya hivyo nilikuwa nafuta namba naendelea na anayefuata, sikumbuki hata jina moja la waliojitoa.